Bastola ya Jikoni

Nyundo ya bastola ilianguka, ka!, na kila mtu aliyekuwa kwenye kile kibanda cha bati akaisikia. Verna Kuhlman alikuwa amesimama mbele ya meza ya ukaguzi huku mikono yake ikining'inia tu, na mbele yake Ione Pruitt, mtunza sheria wa klabu ya shabaha ya Pell Creek, ameishika bastola mpya ya Verna mdomo juu, na kile chuma chenye ndoano kikiyumba chini ya kifyatulio. Chuma hicho kina uzito wa pauni tatu na nusu. Bastola inakuwa tupu, nyundo imevutwa nyuma, chuma kinatundikwa kwenye kifyatulio, kisha bastola inanyanyuliwa mpaka chuma kiachane na meza. Nyundo ikibaki pale juu, haya, nenda ukapige shabaha zako. Ikianguka, kifyatulio chako ni chepesi kupita kiasi, kinaweza kumdhuru jirani yako, na unafunga sanduku lako urudi nyumbani.

"Pole, Verna," Ione akasema, na alimaanisha. Mama huyu alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwahi kumwonea mtu wala kumpendelea. "Karekebishe, urudi."

"Ndiyo mambo ya kupika bastola jikoni hayo!" Duane Rademacher akadakia kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. Yeye ndiye kapteni, ana duka la matairi mjini na sauti ya kuweza kuita mtu kutoka ng'ambo ya shamba la mahindi. "Umeitia chumvi lakini?"

Watu wakacheka. Si wote kwa ubaya, lakini walicheka, na Verna akafunga sanduku lake na kutoka bila kuaga.

Njiani alikuwa anawaka. Hasira ya kuchekwa angeiweza, maana alikuwa mwanamke pekee katika karakana ya kiwanda kwa miaka ishirini na saba, akichonga zile kalibu za chuma zinazobana bati likawa mlango wa gari, na huko alichekwa na mabingwa wa kucheka. Kilichomkereketa ni kwamba kosa lilikuwa lake. Alhamisi kifyatulio kilikuwa sawasawa. Yeye mwenyewe alikijaribu akaridhika, akala chakula chake, akalala. Ijumaa akakigusa tena kwa jiwe la kunolea, kidogo tu, kwa sababu alihisi kinaweza kuwa kitamu zaidi kidoleni. Mafundi wana ugonjwa huo wa kushindwa kuacha, na aliyeuambukiza katika karakana ile alikuwa ni yeye Verna, halafu leo umemrudia.

Lyle, mumewe, dereva mstaafu wa basi la shule, alimkuta mezani jikoni bastola imeshafumuliwa juu ya gazeti, vipande vimepangwa mstari, na sufuria ya viazi imesukumwa pembeni.

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Si ununue tu, Vee? Duane kanunua. Yule daktari wa meno wa klabuni kwenu kanunua. Dunia nzima inanunua. Unaenda dukani, unatoa kitambulisho, unajaza fomu, unatoka na bastola iliyokamilika, na mimi napata siagi isiyokuwa na unga wa chuma."

"Siagi gani ina chuma?"

"Ya leo asubuhi. Imenikwaruza jino."

Verna akacheka bila kutaka, kisha akaacha. "Lyle, nisikilize. Kiwanda kilipofungwa walitupa nini?"

"Keki."

"Keki, na kalamu. Miaka ishirini na saba, kalamu! Wakasema sasa kalibu zitakuja zimekamilika kwenye makontena, mikono yetu haihitajiki tena, asanteni. Sasa na wewe unataka niende kwenye mashindano ya jimbo na kitu kilichokuja kimekamilika kwenye boksi?"

"Mimi nataka siagi tu, mke wangu," Lyle akasema, lakini alivuta kiti akakaa, na akamsogezea taa.

Verna hakuwa mgeni wa shabaha. Miaka sita alikuwa akipiga kwa bastola ya kuazima ya klabu, kitu kilicholegea hata ukikitikisa kinalia, na bado alama zake zilimweka miongoni mwa wanne wa juu. Nafasi nne ndizo klabu inazopewa kwenye mashindano ya jimbo. Mwaka huu alijiapia kwamba nafasi yake ataiendea na bastola aliyoitengeneza mwenyewe. Fremu, kile kiunzi cha bastola, aliichukua dukani kwa karatasi na saini kama sheria inavyotaka, vipande vingine akaviagiza vikiwa vibichi, vinene, vya kuchongwa, na majira ya baridi yote akavikalia kwa tupa na jiliwa la kubania chuma, usiku kucha hapana, ila kila asubuhi baada ya kahawa, mpaka sehemu ya juu ikawa inateleza juu ya fremu bila kucheza hata unywele. Kile kipande kidogo cha kifyatulio alichokiharibu kwa ulafi wake akakitupa kwenye ndoo ya taka. Hakukitibu. Akaagiza kingine kibichi na kuanza upya, na safari hii kilipofika sawa aliinuka mezani, akaenda kupalilia nyanya, na hakukigusa tena.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi ya kuchagua timu ya jimbo, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya Ione.

Ione akaikagua kama iko tupu, akavuta nyundo nyuma, akatundika chuma, akanyanyua. Chuma kikaachana na meza. Nyundo ikabaki pale pale.

"Imepita."

"Hebu rudia," Duane akasema. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yao na kikombe cha kahawa cha karatasi.

Ione akarudia. Ikabaki.

"Mara moja tena. Hizi za nyumbani huwezi kujua."

"Duane, chuma hiki hakinenepi kikisubiri," Ione akasema, lakini akarudia mara ya tatu, kwa sababu kapteni ameomba. Nyundo ikabaki. Verna akaichukua bastola yake na kwenda kwenye mstari.

Sasa huwezi kumwelewa Verna kama hujamwona akipiga. Anapiga kwa mkono mmoja, na ule wa kushoto ameutia mfukoni kwenye suruali ya jinzi, miguu imetulia, na kile kidoti cheusi kiko yadi hamsini mbali, mbele ya kilima cha udongo. Risasi thelathini alizipiga bila haraka, na bastola yake haikukwama hata mara moja. Alipokuwa akipiga alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia tangu lango la kiwanda lifungwe, na hakujizuia kujisikia hivyo. Ione alipojumlisha, Duane alikuwa na alama mia mbili themanini na saba, Verna mia mbili themanini na nne. Yule daktari wa meno kijana, mtu mpole sana, alikuwa na mia mbili sitini na moja.

Saa tano wakakaa kula. Mikate ya duara yenye nyama ya kusaga na mchuzi wa nyanya, mahindi ya kuchemsha, pai ya cheri ya mke wa mtu. Duane akasimama, akatoa fomu ya mashindano mfukoni mwa shati, akagonga kopo kwa kijiko.

"Fomu hii lazima iende posta leo, na posta Jumamosi inafunga saa sita, kwa hiyo sitawachosha. Mimi nimo. Ray yumo. Walt yumo. Wa nne," akakohoa kidogo, "ni daktari."

Daktari wa meno akaweka mkate wake chini. "Mimi? Mbona Verna..."

"Verna anapiga vizuri, hakuna anayebisha. Lakini nimeamua timu iende na bastola zilizokamilika, za mafundi wenye majina, zenye vyeti. Kitu cha jikoni kitatufia mikononi mbele ya jimbo zima. Verna akitaka kwenda, namwazima ile ya akiba yangu, nzuri kabisa, haijachakaa hata kidogo. Nafasi ni yake saa hii hii. Umesikia, Verna? Mimi si mtu mbaya."

Verna aliinuka taratibu akafuta mikono yake kwa karatasi.

"Sheria hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

Wote wakamgeukia Ione. Ione hakuhitaji hata kufungua kitabu. "Hakuna ukurasa huo."

"Lakini kuna anayesaini," Duane akasema, akaipunga ile fomu, "na anayesaini ni mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Bila saini ya kapteni jina haliendi. Mwingine angeshukuru, akaazima, akaenda. Mimi ninavyowajua watu wa kule, tisa kati ya kumi wangeazima. Verna aliiangalia ile fomu, kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiuliza pale.

"Duane, bastola yako ilipimwa lini?"

"Yangu ina cheti."

"Sikuuliza cheti. Nimeuliza ilipimwa lini."

Duane akacheka, akaangalia huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Ione, mwambie."

Ione akawa amekazia macho sahani yake. Uso ulikuwa umemshuka. "Sijawahi kuipima," akasema. "Ilipokuja na cheti, niliona... Zenye vyeti zote nazipitisha tu. Ni za kuazima na za kutengenezwa nyumbani ndizo ninazozitundikia chuma." Akaisukuma sahani pembeni. "Miaka minne. Mungu wangu."

Ndivyo walivyokuwa wakifanya, na hakuna aliyeona ajabu. Karatasi ina muhuri, ina jina la fundi ambaye watu humsubiri miaka mitatu ili awatengenezee, basi nani atamtundikia chuma fundi kama huyo? Ingekuwa kama kumkosea adabu.

"Ipimeni!" Duane akasema, na mwenyewe akaenda kuileta, kifua mbele. Ilikuwa bastola nzuri, huwezi kuisema vibaya, nyeusi tii, ina vishikio vya mti wa jozi. Akaiweka mbele ya Ione kwa madaha.

Ione akakagua, akavuta nyundo, akatundika chuma, akanyanyua. Chuma hakijaachana na meza hata kidole kimoja. Ka!

Hakuna aliyecheka.

"Rudia," Duane akasema.

Ka!

"Hicho chuma kibovu hicho. Kimeshika kutu, kimeongezeka uzito."

Ione akanyoosha mkono, na Verna akampa bastola yake. Chuma kile kile, meza ile ile. Kikanyanyuka, kikaning'inia hewani, na nyundo ya bastola ya jikoni haikutikisika. Ione akakiacha kining'inie muda mrefu zaidi ya kawaida, na nadhani alifanya makusudi.

Verna alifurahi, na nisidanganye, alifurahi sana. Miaka minne ya risasi, maelfu kwa maelfu, springi zimechoka, kipande kimelika, na mwenyewe hajafungua hata siku moja kutazama ndani, kwa sababu ana cheti. Lakini furaha yenyewe haikumfikisha mbali, maana fomu ilikuwa imerudi kwenye mfuko wa shati la Duane, na haikuwa na saini.

"Sheria ni ile ile niliyompa Verna," Ione akasema. "Toka kwenye mstari. Karekebishe, urudi. Mashindano ni baada ya siku kumi na mbili. Isipopita hapa, huendi."

Duane akatoka nje na simu sikioni. Verna naye akachukua sanduku lake la bastola na lile la vifaa, akatoka kwa mlango wa pili. Lyle alikuwa kwenye gari lao la kubebea mizigo chini ya kivuli, vioo vimeshushwa, redio inatangaza mchezo wa besiboli.

"Vipi?"

"Bastola imepita. Mimi sijapita."

Kabla hajamweleza, kokoto zikalia nyuma yao. Duane alikuwa anakuja, na huwezi kuamini ni yule yule wa kugonga kopo. Kofia alikuwa ameivua.

"Nimempigia yule fundi aliyeitengeneza," akasema. "Hata kwa marekebisho tu, foleni yake ni mpaka Aprili."

"Pole."

"Verna, sikiliza. Hebu tuyamalize hapa hapa. Wewe nitengenezee, kimya kimya, nikuletee nyumbani Jumatatu. Mimi nasaini jina lako sasa hivi, uende na hiyo bastola yako, sitasema neno tena. Wote tunakwenda. Hakuna anayepoteza."

Lyle akazima redio. "Umesikia, Vee?"

"Nimesikia."

"Basi si hiyo hiyo nafasi? Kubali, mama!"

"Nyamaza, Lyle." Akamgeukia Duane. "Nafasi yangu nimeipata kwa alama mia mbili themanini na nne. Huwezi kunilipa kwa kitu ambacho tayari ni changu."

"Haya, basi unataka nini? Sema."

"Nataka uingie mle ndani uwaambie watu hayo uliyoniambia mimi hapa kwenye kokoto. Kwamba imekushinda, na umekuja kuomba mikono ya jikoni. Ulinicheka mbele yao. Siingii kwa mlango wa nyuma na sitengenezi vitu vya watu kwa kujificha."

Duane akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mbele ya wote?"

"Si ndipo uliponiuliza habari ya chumvi?"

"Saa sita kasoro ishirini, Verna. Posta inafunga. Nikikataa, huendi popote. Utapoteza mashindano kwa ajili ya maneno manne?"

"Kwa maneno hayo hayo manne."

Alisema hivyo ingawa alikuwa anayataka mashindano yale kuliko kitu chochote alichokitaka miaka yote hii, na alijua anayatupa kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua mlango, akaingia, akaweka lile sanduku la vifaa mapajani.

"Washa gari, Lyle."

"Vee..."

"Washa."

Lyle akawasha. Duane akabaki amesimama kwenye jua, akiizungusha kofia mikononi. Lyle, ambaye miaka thelathini aliwasubiri watoto wa watu wafunge kamba za viatu kabla ya kuondoa basi, hakutia gia. Alijifanya anatafuta miwani. Verna aliliona hilo na hakumsema.

Duane akageuka akarudi kibandani.

Mlango ulikuwa umeshikizwa kwa ndoano ubaki wazi kwa sababu ya joto, na sauti ya Duane haikuumbwa kwa siri. "Jamani," ilisema, ikakwama, ikaanza tena. "Jamani, bastola yangu siwezi kuitengeneza. Niliinunua. Sijui hata pa kuanzia kuifungua. Nimemwomba Verna, nikataka afanye kwa siri, akanikatalia. Ndiyo hivyo."

Ione akasikika. "Na fomu?"

"Fomu nasaini. Verna yumo, na bastola yake. Daktari, samahani."

"Mimi niliweka mkate chini tangu mwanzo," daktari wa meno akasema.

Dakika haikupita, Ione akatoka na bahasha mkononi, akitembea upesi kuliko umri wake, akaingia kwenye kigari chake na kuondoka kuelekea mjini. Alipopita karibu yao alipiga honi mara moja bila kutazama.

"Zima gari," Verna akasema.

Aliingia kibandani na sanduku la vifaa kwapani. Watu wakamwondolea sahani na magunzi ya mahindi, wakatandika gazeti juu ya meza ya ukaguzi bila kuambiwa. Duane alikuwa ameiweka bastola yake pale, nyeusi tii, na yeye mwenyewe amesimama hatua tatu nyuma, mikono nyuma ya mgongo, akisubiri ifanyiwe kazi kama gari lililoingizwa gereji. Verna akafungua sanduku, akachagua bisibisi, akaigeuza na kumnyooshea yeye upande wa mpini.

"Kaa hapa," akamwambia. "Utaifungua wewe."